Shule ya Ndani ya Seng'enge

Asubuhi ya kwanza katika shule ile nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono nichapwe. Nilikuwa nimechelewa, na katika shule ya misheni niliyotoka, kule kwetu magharibi, aliyechelewa alitoa mikono kabla hata ya kutoa salamu. Mwalimu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, nywele zake za kijivu amezifunga kwa kitambaa kama wachuma kahawa. Aliitazama mikono yangu kwa muda, akaishika yote miwili, akanivuta ndani. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Leo ungependa kujifunza nini?"

Nilidhani ni mtego. Akaniambia hakuna haraka, nikae niwatazame wenzangu, na jibu likija nimwambie. Nilikaa siku tatu.

Tulikuwa tumefika pale mwezi uo huo, mimi, mama, na mdogo wangu ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Baba alitutangulia mwaka mmoja. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Wakikuyu waliouasi utawala wake, na mashamba makubwa ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yalikuwa yamebaki bila watu. Wakikuyu waliokuwa wakiishi humo walikuwa wameondolewa kwa malori, wengine wakapelekwa kambi za kizuizini, wengine katika vijiji vipya vilivyozungushiwa handaki. Sisi wa magharibi tuliletwa kujaza nafasi zao. Baba alipewa kazi kwenye mashine ya kumenya kahawa, na chumba kimoja kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Ukutani, karibu na mlango wa chumba chetu, palikuwa na alama ya kiganja cha mtoto kwenye udongo uliokauka, kiganja kidogo kuliko changu. Mama alikanda udongo akaisiriba jioni ile ile, hata kabla hajainjika chungu.

Shamba lote lilizungushiwa seng'enge. Palikuwa na geti moja, na hapo walisimama mahomgadi, askari weusi waliowekwa na serikali, wenye makoti marefu na bunduki. Mtu mzima alitoka kwa barua ya meneja. Mtoto hakutoka kabisa. Meneja alisema ni kwa usalama wetu, na pengine alisema kweli, kwa sababu mambo mabaya yalitokea huko nje na tuliyasikia. Lakini nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimezoea kwenda kisimani, sokoni, kanisani, kwa shangazi. Sasa dunia yangu yote ningeweza kuizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Mto Theta tuliusikia kila mvua iliponyesha. Hatukuwahi kuuona.

Shule ilikuwa katika stoo kuukuu ya kahawa. Yule mama alikuwa dada yake meneja. Kwao Uingereza alikuwa amefundisha katika shule ambapo watoto hawachapwi wala hawapangwi kwa namba, na baada ya mumewe kufa alikuja kwa kaka yake akaomba ile stoo. Hakutaka serikali imsaidie wala misheni imsimamie. Shule ilikuwa yake peke yake. Haikuandikishwa popote, na mkaguzi hakuwahi kuja. Alitutaka tumwite kwa jina lake, lakini midomo yetu ilikataa, tukamwita Mama Mwalimu.

Ndani hamkuwa na madawati ya kupangwa mistari. Kulikuwa na meza fupi, sungura katika sanduku, chungu cha udongo wa kufinyangia, na chupa ya kupimia mvua. Hakukuwa na kengele. Kila asubuhi aliuliza kila mmoja swali lile lile aliloniuliza mimi, na chochote mtoto alichosema, hicho kilikuwa kazi yake. Kijana mmoja alishinda mwezi mzima na kinyonga. Alimchora, akampima, akahesabu nzi aliowameza, na Mama Mwalimu akawa anaandika katika daftari lake kila neno la kijana yule, kana kwamba mwanafunzi ni yeye.

Siku ya nne nilimwambia nataka kusoma vitabu vyote vilivyokuwa rafuni. Alicheka kwa furaha. Vya Kiswahili vilikuwa tisa. Nilivisoma, kisha nikavisoma tena, na kila nilipomaliza kimoja aliketi nami chini ya dirisha akaniuliza nimeonaje. Hakuniuliza kilichoandikwa. Aliniuliza nilionaje mimi. Sitasema uongo, niliipenda shule ile. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kunisikiliza hivyo, na wachache wamenisikiliza hivyo tangu wakati ule.

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Akina mama wa laini walilalamika kwamba watoto wanarudi na udongo mpaka masikioni na hakuna anayejua hesabu ya mbili mara saba. Mama yangu alinipekua daftari akatafuta alama za wino mwekundu, asizione. Naye baba alikuwa na hofu yake, ambayo hakunificha. Katika shamba lile mtoto hakuulizwa umri. Akifika kimo cha kushika tawi la juu la mbuni, mti wa kahawa, bila kuruka, alipewa debe akaingia mistarini kuchuma. Baba alinisimamisha kando ya mti mmoja nyuma ya laini, akainua mkono wangu. Zilibaki inchi chache.

Baba mdogo alikuwa amemwandikia kwamba kwetu magharibi kuna shule ya bweni ya wasichana, na inawachukua wale wanaofaulu mtihani wa darasa la nne. Baba alinisomea barua hiyo mara mbili.

"Huo mtihani ndio kutoka," akaniambia. "Hii ingine yote ni kucheza ndani ya boma. Hata kuku wa boma hucheza."

Kesho yake asubuhi Mama Mwalimu aliponifikia na swali lake, nilikuwa tayari. Nilimwambia nimechagua, nataka kujifunza mtihani.

Nakumbuka jinsi uso wake ulivyobadilika. Hakukasirika. Ilikuwa kama nimemwambia kwamba naumwa.

"Mtihani si kitu cha kujifunza," akasema. "Ni kitu ambacho watoto hufanyiwa."

"Lakini ndicho ninachotaka."

"Hapana, mwanangu. Hicho ndicho anachotaka baba yako. Wewe chagua kitu chako."

Nilisimama pale nikitafuta kitu changu, na sikukiona. Nilikuwa nimeamini kwamba pale naweza kuchagua chochote. Siku ile nilijua kwamba ndani ya seng'enge ya meneja kulikuwa na nyingine, na hii ilikuwa ya mtu anayenipenda, kwa hiyo sikujua hata pa kuishika niitikise.

Nikachagua useremala.

Nyuma ya stoo kulikuwa na banda la fundi. Alikuwa mmoja wa Wakikuyu wachache waliobaki shambani, kwa sababu vitanda vya kuanikia kahawa vilivunjika kila msimu na hakuna mwingine aliyejua kuvitengeneza kama yeye. Alibaki kwa barua ya meneja, na pasi yake, hati ya kumruhusu kukaa pale, aliibeba mfukoni ikiwa imefungwa kwa karatasi ya nta, mvua isiiharibu. Mke na watoto wake walikuwa katika kijiji kipya ng'ambo ya Theta. Aliruhusiwa kuwaona Jumapili moja na kukosa nyingine. Meza zetu fupi za shule alizitengeneza yeye, na mtoto aliyechagua useremala alikwenda kumsaidia.

Nilikuwa nimepata kitabu cha hesabu cha kale, kisicho na kurasa za mwisho, na nilikwenda nacho bandani. Siku moja nilikuwa nimekwama katika hesabu ya sehemu, nikiisoma kwa sauti, narudia na kurudia. Fundi alikuwa anapiga randa. Akasema bila kugeuka, "Robo ya nini? Usiseme robo peke yake. Robo haitembei peke yake. Sema robo ya kitu."

Nikasema robo ya ubao. Akaweka randa chini, akachukua penseli iliyokuwa sikioni, akaandika hesabu juu ya ubao ule ule aliokuwa akiupiga randa. Aliandika vizuri sana, tarakimu zimesimama kama watu foleni. Akanieleza mara moja, nikaelewa. Kisha akapitisha randa, na hesabu yote ikaanguka chini ikiwa imejikunja.

Nilimuuliza kama alikuwa mwalimu. Hakujibu siku ile. Alinijibu baada ya wiki kadhaa, nilipokuwa nakwenda kila siku. Alikuwa amefundisha katika shule waliyoijenga wazazi wenyewe, kila nyumba ikileta nguzo na mabati yake, hadi serikali ilipozifunga shule za aina ile zote. Yeye akakatazwa kufundisha. Barua ya meneja ilimruhusu kuwa seremala tu.

"Kwa hivyo hapa unajifunza useremala," akaniambia. "Ukiulizwa na mtu yeyote, mwanangu, ni useremala."

Nilisema ndiyo, na nilikuwa nimeelewa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu wazima walijaribu kuniokoa kwa kusema kwamba nilikuwa mtoto, sikuelewa.

Miezi ile ilikuwa mizuri kwangu. Tulifanya hesabu za mtihani zote, kwa penseli, juu ya mbao, na hakuna hata moja iliyobaki. Mama yangu alikusanya maranda ya mbao kwenye kanga akawashia moto. Wakati mwingine fundi alizungumza kuhusu Mama Mwalimu, na kila mara kwa heshima. Alisema yeye mwenyewe alichapa watoto wengi, na akimtazama yule mama asivyoinua mkono hujiuliza kama alikosea. "Ni mtu mzuri sana," akasema. "Lakini hajawahi kufungiwa nje ya mahali popote. Kwa hivyo anafikiri hakuna haja ya ufunguo." Kisha akanipa hesabu ya tangi linalojaa maji huku likivuja.

Wakati huo huo darasani tulikuwa tumeanza kuchora ramani ya shamba. Wazo lilikuwa la mtoto mmoja aliyetaka kujua ni wapi pa mbali zaidi mtu anaweza kufika bila kutoka. Mama Mwalimu alilipenda sana. Tuligundisha karatasi kubwa kwa uji wa unga, tukazitandika sakafuni, tukatembea huku na huko tukihesabu hatua. Ramani ya kwanza ilitoka mbaya, nyumba ya mbwa wa meneja ikiwa kubwa kuliko kiwanda. Nikamuuliza fundi, akanionyesha namna ya kuweka kipimo, inchi moja kwa hatua mia. Nikachora upya. Kila kitu kikakaa mahali pake: laini, kiwanda, mabwawa ya kuoshea kahawa, nyumba ya meneja, geti, minara miwili ya mahomgadi, na seng'enge, hata pale ilipopinda upande wa Theta. Nje ya seng'enge karatasi ilibaki nyeupe. Mdogo mmoja aliuliza tuchore nini hapo. Mama Mwalimu akasema tuchore tunachokijua, na hakuna aliyejua kitu.

Aliitundika ukutani. Alijivuna nayo akamweleza kaka yake, na nadhani kaka yake aliwaeleza wenzake walipokutana Thika, kama mzaha. Hayo niliyafahamu baadaye sana. Tulichokiona sisi ni kwamba siku moja Bwana Shauri alikuja, ofisa kijana wa serikali mwenye soksi ndefu, pamoja na askari wawili waliobaki nje.

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali nisingesema kitu. Alivua kofia, akawasalimu watoto, akachuchumaa mbele ya ramani kama vile mmoja wetu angefanya. Aliuliza nani ameichora, na wenzangu wote wakanielekeza vidole.

"Kazi safi," akasema. "Na hiki kipimo, inchi moja kwa hatua mia. Ulijuaje?"

Mama Mwalimu akajibu kabla yangu. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono yake mabegani mwangu, na sauti yake ilijaa fahari.

"Aligundua mwenyewe. Watoto wakiachwa huru, hugundua."

Nimeirudia dakika ile maisha yangu yote na bado sijui vizuri ni nini kilichoniingia. Sikutaka kumdhuru mtu. Nadhani nilitaka ajue. Nilitaka Mama Mwalimu ajue kwamba sikugundua, kwamba nilijifunza, kwa bidii, kitu ambacho alikuwa amenikatalia, na kwamba kuna mtu aliyenipa.

"Sikugundua," nikasema. "Nilifunzwa."

"Na nani?" akauliza Bwana Shauri.

"Fundi. Yeye alikuwa mwalimu. Ananifunza hesabu za mtihani."

Nyuma ya stoo randa ilinyamaza. Labda fundi alikuwa amefika mwisho wa ubao tu. Bwana Shauri alisimama, akapangusa magoti, akaniambia mimi ni mtoto mkweli. Aliishusha ramani akaikunja, akasema ataipeleka ofisini wengine waione. Vidole vya Mama Mwalimu vilikuwa vimeganda mabegani mwangu.

Siku ile hakuna kilichotokea. Kesho yake vile vile. Nilikwenda bandani, fundi akanipa msasa nisugue mguu wa meza, na hakuandika hesabu. Nilitaka kumwambia nilichofanya, nikaona kwamba anajua. Asubuhi ya siku ya tatu gari lilikuja. Walimruhusu avae koti. Watoto tulisimama mlangoni mwa stoo, na alipopita karibu nami, askari huku na huku, alisema kwa sauti ya kawaida, "Ile meza bado haijaisha kupigwa msasa." Basi. Walimpakia nyuma, geti likafunguliwa likafungwa.

Mama Mwalimu alikwenda Thika mara tatu kumtetea. Mara ya tatu alirudi akaingia darasani akiwa bado amevaa kofia, akatuambia kwamba ameshindwa. Akasema pia, akinitazama, kwamba ukweli si kosa, na kwamba katika shule yake hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa kusema ukweli. Nilitamani aniadhibu. Wanawake wachache wa Kikuyu waliokuwa wakija kuchuma kwa kibarua waliacha kumsalimu mama yangu. Mama alijua sababu na hakunitajia. Baba naye hakunigombeza. Alikaa nami nje ya nyumba jioni moja mpaka king'ora cha kafyu kikalia, ndipo akasema, "Ingia ndani." Hakuna neno lingine alilowahi kusema juu ya jambo lile.

Nikaacha kuchagua. Kila asubuhi Mama Mwalimu alifika kwangu na swali lake nami nikamwambia sijui. Alisubiri, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliamini kwamba mtoto akisubiriwa atafunguka. Siku zilipita nikikaa chini ya dirisha lile lile na kitabu kisichofunguliwa. Hakuna aliyenisukuma. Ningesukumwa ningepata angalau kitu cha kusukumana nacho. Banda la fundi lilitiwa kufuli, na upande ule seng'enge iliongezwa mstari wa pili. Mimi nilirefuka. Nilikwenda peke yangu kwenye ule mti nyuma ya laini, nikainua mkono, vidole vikagusa tawi.

Alasiri moja Mama Mwalimu alikuja nyumbani kwetu. Mzungu hakuwahi kuingia katika laini ile isipokuwa kukagua choo, na mama alichanganyikiwa akapangusa kigoda mara mbili. Mama Mwalimu alikalia kigoda, magoti yakimfika karibu na kidevu, akatoa mkobani bunda la karatasi. Zilikuwa karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, alizoziomba kwa mkuu wa shule moja ya misheni ya Thika. Mkuu huyo alikuwa amekubali kuniandikisha nifanye mtihani pamoja na watoto wake.

Alizungumza na mama, lakini alinitazama mimi.

"Nilimwambia achague, halafu nikamkatalia alichochagua. Kama ningemfundisha mwenyewe, asingelazimika kujifunza kwa siri. Kosa ni langu. Si la mtoto."

Mama akamkaribisha uji, naye akaunywa wote.

Alinifundisha miezi minne, na ninasema hivi kwa upendo: alinifundisha vibaya. Hakuweza kuvumilia maswali yale. Swali likiuliza mji mkuu wa nchi fulani, yeye alianza kubishana na karatasi, kwa nini mtoto wa Ruiru ajue hilo na asiulizwe kahawa inakwenda wapi. Mara nyingi nilimaliza somo nikiwa nimejifunza ubishi tu. Kwa hesabu hakuwa na njia ya mkato hata moja. Nilikaa pale nikimtaka fundi, na nikijua ni kwa sababu yangu kwamba hayupo. Lakini alikuja kila siku, hata siku alizokuwa na homa, na nilianza tena kuongea naye, kidogo kidogo.

Siku ya mtihani nilitoka getini kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili. Nilikaa nyuma ya pikapu ya shamba, juu ya magunia, baba kando yangu kwa ruhusa ya siku moja. Tulivuka Theta. Ulikuwa mto mwembamba, wa maji mekundu, mdogo kuliko sauti yake. Ng'ambo yake tulipita kijiji kipya kilichozungushiwa handaki lenye mianzi iliyochongwa ncha, na wanawake wamesimama foleni na mitungi wakingoja kufunguliwa waende kuchota maji. Nilitazama nyuso zao nikimtafuta mke wa fundi, ambaye sikuwahi kumwona, wala sikujua ningemtambua kwa kitu gani.

Katika chumba cha mtihani msimamizi aliweka kiboko mezani, kikalala pale mpaka mwisho. Nilifanya hesabu zote.

Nilifaulu. Mwanzo wa mwaka baba mdogo alikuja kunichukua, tukapanda gari moshi kwenda magharibi. Shule ya bweni ilikuwa na ua wa kayaba mrefu kuliko mtu, na wiki ya kwanza nilichapwa kwa kuuliza swali. Mama Mwalimu aliniandikia barua mbili. Katika ya pili alisema kaka yake ameitaka stoo yake kwa ajili ya kahawa, na kwamba yeye anarudi kwao. Nilimjibu ile ya kwanza tu. Ile ya pili niliiweka nikisema nitajibu nikipata maneno.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya Hali ya Hatari nilikuja likizo. Wazazi wangu walikuwa bado pale pale shambani, na sasa watu wa kwetu tuliruhusiwa kwenda Ruiru mchana bila barua. Mama alinituma maharagwe. Katika duka la nafaka karibu na stesheni, mtu aliyekuwa akipima kwenye mizani alikuwa fundi.

Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe kandokando. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Niliona kwamba anamimina nafaka kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia havikujikunja, na nikaelewa kwa nini hashiki tena randa. Palikuwa na watu nyuma yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka. Nikamwambia tu kwamba ni mimi niliyesema.

Aliendelea kumimina maharagwe mpaka mizani ikatulia.

"Jina langu walikuwa nalo zamani," akasema. "Walikuwa wanangoja siku tu."

"Kabla ya ile ramani?"

"Kabla."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Kuna miaka nimeliamini na kuna miaka nimeona wazi kwamba alinidanganya ili nipate kulala. Mpaka leo sina njia ya kujua.

Aliniuliza nilipata ngapi katika hesabu. Nikamwambia. Alitikisa kichwa kama mwalimu yeyote. "Ungeweza kupata zaidi," akasema. Nami nikamuuliza habari za watoto wake. Akasema wa kwanza ni msichana, rika langu. Kule kijijini hakukuwa na shule miaka yote ile, na sasa amekuwa mkubwa mno kuanza na watoto wadogo. Anachuma kahawa. Alisema hivyo bila uchungu, akifunga mfuko wangu kwa kamba, akivuta fundo kwa meno kwa sababu ya vile vidole. Mtu wa nyuma yangu akasogeza gunia lake mbele, nikapisha.

Nilirudi shambani kwa miguu. Getini homgadi akaniuliza nilikutana na nani Ruiru, nikasema sikukutana na mtu. Nyumbani nilimweleza mama. Aliyamwaga maharagwe kwenye ungo akaanza kuyachambua, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama fundi anaonekana kula vizuri. Nikasema amekonda.

Wiki iliyofuata alinifungia unga na kuku mmoja aliyechinjwa, akanituma nimpelekee. Dukani nilimkuta mtu mwingine kwenye mizani. Mwenye duka alisema yule wa kwanza amehamishwa na serikali, pasi yake haikuwa ya Ruiru, na hakujua amepelekwa wapi. Nilisimama kidogo kwenye baraza na kile kifurushi. Kisha nikarudi nacho nyumbani, mama akampika kuku yule, tukala.